Mkwe Yuko Kiti cha Nyuma

Jumamosi, 30 Machi 1957

Eliakimu ameliosha tena gari lake. Aliliosha asubuhi kabla ya chai, akaliosha tuliporudi sokoni, na sasa yuko nje na kitambaa anafuta vioo. Mlima wote umefunikwa na wingu, mvua inakuja. Nimemwambia mvua itamwoshea bure. Akahamia kioo kingine.

Leo tulikwenda soko la Tengeru kwa gari. Njia hiyo nimeitembea tangu nilipoolewa, kikapu kichwani, na sijawahi kufia njiani. Leo nimepelekwa kama mke wa DC. Tulichelewa kuliko siku zote, kwa sababu kila mtu tuliyempita ilibidi asalimiwe, na kila aliyesalimiwa ilibidi aonyeshwe gia. Nyanya nzuri zilikuwa zimekwisha.

Gari lenyewe ni zuri. Nasema kweli. Lina rangi ya jani changa la mgomba, tairi la spea limelala juu ya boneti, mbele kuna kiti, katikati kiti, na nyuma kabisa vibenchi viwili vya ubavuni vinavyotazamana. Lina gia ya kuyatia nguvu magurudumu yote manne. Eliakimu amenieleza habari za gia hiyo mpaka nimeiota. Lilinunuliwa kwa kahawa yetu. Mimi sikuulizwa. Niliambiwa nitoke nje nikaone.

Juzi mjini, alipokwenda kutia petroli, Mzungu mmoja alimuuliza yeye ni dereva wa bwana gani. Akamjibu, wa Bwana Eliakimu. Mzungu akasema hamfahamu bwana huyo. Leo sokoni kaisimulia habari hii kwa kila aliyesimama. Mara ya kwanza nilicheka sana. Sasa nimechoka nayo.

Jumapili, 31 Machi

Kanisani. Gari liliegeshwa mbele ya mlango, watu wakaingia ibadani wakitazama nyuma.

Mama yangu alikuja kwetu baada ya ibada. Eliakimu alimwona kwa mbali akaingia kwenye migomba, akakaa humo mpaka mama alipokwisha kuketi ndani.

Ndivyo ilivyo kwetu. Mwanamume na mama wa mkewe hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawaketi benchi moja, wala hawasemezani. Neno likiwapo hupita kwa mtu wa tatu, hata kama wote watatu wako chumba kimoja na hakuna kiziwi. Mtu wa tatu ni mimi. Tangu arusi yetu mimi ndiye mdomo wao na sikio lao. Eliakimu alipigana Burma, anabishana na wenye maduka ya Kihindi mjini bila kutetereka, lakini akiona kanga ya mama yangu njiani anapotea. Mama naye hufunika uso. Wanaheshimiana sana. Kama wanapendana sijui, hakuna aliyewahi kuniambia.

Mama alikuwa na habari. Mtu aliyeleta ndama kutoka Ngare Nanyuki, upande wa pili wa mlima, amesema mama mkubwa Nasinyari yuko kitandani. Miguu imevimba, hali chakula, anamwulizia mdogo wake. Mdogo wake ndiye mama. Bibi alikufa mama akiwa ananyonya, na Nasinyari, naye msichana tu, ndiye aliyembeba na kumlisha. Mama hana ndugu mwingine wa tumbo moja.

Alisema atakwenda kwa miguu kupitia msituni. Kwa umri wake, kwa mvua hii, na nyati walivyo wengi. Malori ya huko yamesimama tangu mvua zianze. Nikasema sisi tuna gari. Nilisema kabla sijafikiri.

Jumatatu, 1 Aprili

Nilipomweleza Eliakimu alifurahi kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Barabara mbaya ndiyo aliyokuwa akiitafuta. Halafu akaweka kikombe chini, akauliza mama atakaa wapi.

Ikabidi wazee waitwe. Baba mdogo wa Eliakimu alisema gari ni nyumba: lina paa, lina milango, na mkwe haingii nyumba moja na mama mkwe akafungiwa naye. Jirani yetu akasema gari ni njia, maana linakwenda, na njiani watu hupita wote. Akakumbusha kwamba watu hupanda basi la Moshi pamoja na wakwe zao na hakuna aliyekufa. Baba mdogo akasema basi ni la Mhindi, na hili ni la mkwe mwenyewe. Walibishana mpaka pombe ikaisha. Mwanamke mmoja anakufa upande wa pili wa mlima na hawa wanatafuta kama gari ni nyumba.

Uamuzi: mama atakaa nyuma kabisa, kwenye kibenchi cha ubavuni. Mimi katikati, kama kawaida yangu. Kiti cha mbele kitakuwa kitupu. Watakaotuona watadhani tumemwacha mtu njiani. Walitaka pia litundikwe blanketi katikati. Nilipompelekea mama neno hilo alisema niwaambie yeye si nguo ya kuanikwa. Blanketi likaachwa.

Jioni Eliakimu alinikalisha kwenye kibenchi cha nyuma, yeye akakaa kwenye usukani, akatazama kile kioo kidogo cha kuangalia nyuma. Aliona uso wangu wote. Akashika kioo akakigeuza kikatazama paa. Alikaza na skrubu. Niliona ni adabu nzuri, nikafurahi kwa ajili ya mama.

Jumanne, 2 Aprili

Mvua kutwa. Mwalimu mkuu amenipa ruhusa ya siku tatu, kwa shingo upande. Darasa langu litachanganywa na la pili na hakuna atakayejifunza kitu. Watoto wetu wamekwenda kwa shangazi yao.

Mama amekuja kulala kwetu, yaani jikoni. Ameleta kibuyu cha loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa mgando, kwa sababu dada yake hawezi kukataa loshoro aliyopika yeye. Hajalala vizuri tangu Jumapili, macho yamekuwa mekundu. Nilimuuliza kama anaogopa gari. Akasema gari haliogopi. Anataka kitu kimoja tu, amkute hai. Hata asipoweza kusema, amkute hai.

Nami nataka hivyo. Zaidi ya hapo naogopa.

Jumatano, 3 Aprili. Momella

Naandika juu ya goti. Eliakimu amefungua boneti, injini inapumua. Anaizunguka kwa furaha.

Tuliondoka alfajiri. Mpaka Usa River njia ilikuwa nzuri, halafu tukaiacha barabara kuu tukashika kaskazini, na hapo ndipo nilipojua kwa nini malori yamesimama. Tope jeusi. Mti umeanguka njiani. Mavi ya tembo, bado ya moto. Mbega juu ya miti wakitutazama kama watu wa kanisani. Mara mbili magurudumu yalizunguka bure, akatia ile gia yake, likatoka. Lazima niseme gari ni gari. Mara ya pili nilipiga makofi.

Mama anaijua njia hii kuliko sisi wote, aliitembea tangu usichana. Tatizo ni kwamba akiona kitu mbele ananiambia mimi: mwambie ashike kushoto, kulia kuna kinamasi. Mimi namwambia Eliakimu: shika kushoto, kulia kuna kinamasi. Yeye amekwisha sikia tangu mama aliposema, lakini hageuzi usukani mpaka nimalize mimi. Kisha anasema, mwambie asante. Mama amekwisha sikia asante. Mimi namwambia asante.

Kabla ya kufika hapa mama alisema, mwambie apunguze, kuna shimo. Nilikuwa na mkate mdomoni, na nilijua amesikia, basi sikusema. Tukaingia shimoni kwa mwendo ule ule. Kichwa changu kiligonga paa. Nilimuuliza kwa nini hakupunguza wakati alisikia. Akasema hakuambiwa.

Nilicheka mpaka machozi. Mama pia alicheka, nyuma ya kanga yake.

Kilichobaki si kingi. Mama anasema kutoka hapa kwa miguu alikuwa akifika kabla ng'ombe hawajapelekwa kunywa maji ya mchana. Kwa gari tutafika mapema kuliko hivyo. Mvua imekatika, na mlima umejitokeza wote.

Jumatano, jioni. Ngare Nanyuki

Tumefika kwa miguu. Nitaandika kesho.

Alhamisi, 4 Aprili

Niandike kama ilivyokuwa.

Baada ya Momella njia inashuka mpaka mtoni. Mto ulikuwa umejaa, mwekundu, unakwenda kwa kelele. Eliakimu alisimamisha gari kwenye mteremko. Nikashuka na fimbo, nikafunga kanga kiunoni, nikaingia nipime kina. Kwa hiyo ndani ya gari walibaki wawili, yeye kwenye usukani na mama nyuma kabisa.

Pale tuliposimama ukingo ulikuwa umemomonyoka. Akaamua kurudi nyuma kidogo ateremkie upande mwingine. Akatia rivasi. Nyuma yake mvua za juzi zilikuwa zimekata korongo, na majani yameinama juu ya mdomo wake, ukikaa mbele hulioni. Nyuma analiona mtu aliyekaa kwenye kibenchi cha ubavuni. Kile kioo kilikuwa kinatazama paa, na kugeuza kichwa angekutana na uso wa mama.

Mama aliliona. Akaniita mimi.

Nilisikia jina langu, Ndeo. Nilikuwa kwenye maji mpaka mapajani, mto unapiga kelele, sikusikia zaidi ya jina. Nilifikiri anauliza kina. Nikainua mkono kumwonyesha kwamba panapitika. Eliakimu aliuona mkono wangu kwa kioo cha mbele, na gari likaendelea kurudi. Mama akaniita tena, nami nikapunga tena. Kisha nikasikia sauti kubwa ya mama, ambayo sijaisikia tangu nilipokuwa mtoto.

"Eliakimu, simama!"

Hajawahi kulitaja jina lake. Mbele yangu humwita baba watoto, au yule. Eliakimu alikanyaga breki kwa nguvu. Gurudumu moja la nyuma lilikuwa limekwisha kuingia hewani. Gari likalala kwa tumbo kwenye ukingo, pua juu, likabaki hapo. Mama alirushwa akaangukia mkono.

Mlango wa nyuma ulikuwa unafungukia korongoni, basi ilibidi apande juu ya viti atokee mbele. Eliakimu aliruka nje kumpisha. Alipokuwa anatoka, mkono mmoja umelegea, mzee wa watu anatambaa juu ya usukani, yeye aligeuka akatazama mlima. Hata hapo.

Nilimfunga mama mkono kwa ukaya wangu wa kichwani. Akaketi juu ya jiwe. Eliakimu akatoa jeki, akatoa koleo, akaanza kuchimba. Jeki ikawa inazama topeni. Akakata matawi, akayaweka chini ya jeki, yakazama nayo. Mama alisema, mwambie mimi nakwenda. Nikamwambia. Akasema, mwambie asubiri kidogo, linatoka. Nikamwambia mama. Ilikuwa hivyo mara kadhaa, na jua linapanda. Gari halikutoka. Eliakimu alikuwa na tope mpaka masikioni, anaongea na gari peke yake, analibembeleza. Nadhani aliona akiliacha litateleza, na akilitoa kila kitu kitakuwa kama hakikutokea.

Mama hakutuma neno tena. Alisimama, akajitundika kibuyu shingoni, akaingia mtoni.

Nilimfuata lakini alikuwa mbele yangu. Katikati maji yalimshika kiuno, akayumba, na mkono wa kujizuia hana. Nilipiga kelele. Eliakimu alitupa jeki. Alinipita majini kama sikuwapo, akafika mbele ya mama, akamgeuzia mgongo, akachuchumaa maji yakamfika kidevuni. Mama alisimama kidogo tu. Kisha akapanda.

Alimvusha. Ng'ambo palikuwa na mlima wa utelezi, hakumshusha, akapanda naye. Juu napo hakumshusha. Mimi nilitembea nyuma nikiwa nimebeba viatu vya watu wote. Hakuna aliyesema mwambie. Gari liliachwa milango wazi.

Tulipokaribia, watu walikuwa wamesimama nje ya ua na hakuna aliyekuja kutupokea. Hapo nikajua. Mama alishuka mgongoni mwenyewe, akamuuliza mwanamke wa kwanza aliyemfikia: lini. Yule mwanamke akasema, leo, jua likiwa utosini. Alikuwa akiuliza kama wageni wamefika.

Mama akaingia ndani. Alimwosha dada yake kwa mkono mmoja, hakutaka kusaidiwa.

Jua likiwa utosini sisi tulikuwa tunakata matawi ya kuweka chini ya jeki. Mimi najua, Eliakimu anajua. Ameketi nyuma ya zizi tangu jana, hajala.

Ijumaa, 5 Aprili

Mazishi. Mwinjilisti alisali kwa Kimeru, maneno machache, mazuri. Kaburi lilichimbwa na Eliakimu. Vijana walikuja na majembe yao, akawaomba wamwachie, wakaona si mtu wa kubishana naye.

Nilimpelekea maji shimoni. Hapo ndipo aliponiambia. Alimsikia mama tangu mara ya kwanza. Alisikia neno zima: Ndeo, mwambie asimame. Mguu ulikuwa tayari kwenye breki.

"Nikangoja uniambie wewe," akasema. "Ukapunga mkono."

Nilimpa maji nikaondoka. Ningefanya nini? Ni ile ile ya shimo na mkate, iliyotuchekesha wote asubuhi ile. Nina hasira na sijui nimpe nani. Ningempa baba mdogo na ubishi wake wa nyumba na njia, lakini hayupo, na hata angekuwapo, ni mimi niliyefurahi kioo kilipogeuzwa.

Jioni wajomba, binamu zake mama, walikaa kikao. Habari ya mama kubebwa mgongoni ilikuwa imezagaa. Wamesema lazima achinjwe kondoo, ili heshima irudi mahali pake. Mama alinituma niwaambie kondoo atamtoa yeye, maana ndiye aliyelitaja jina la mkwe kwanza. Walikataa, mtoaji ni mwanamume. Eliakimu alimnunua bila kuuliza chochote. Kondoo akachinjwa. Kila mmoja akapewa kipande upande wake wa ua, amegeukia kwake. Wakala. Yote yakawa yamekwisha, kwa maneno ya wajomba.

Mama alikitema kipande chake kwenye majivu. Niliona mimi tu.

Jumamosi, 6 Aprili

Maksai wamelivuta gari. Lilitoka kwa mlio mbaya. Ubavu umebonyea, taa moja imevunjika, lakini injini ni nzima. Vijana walishangilia. Eliakimu aliwashukuru, akakaa kwenye usukani bila kuwasha. Tope limekauka juu yake lote, hakuligusa.

Jumapili, 7 Aprili

Tumerudi.

Kabla hatujaondoka Eliakimu alichukua bisibisi, akalegeza skrubu, akakirudisha kioo kitazame nyuma. Halafu akasimama kando ya mlango, hawezi kuingia, kwa sababu mama alikuwa amekwisha kaa na uso wake ungekuwa humo. Wote tulilijua jambo hilo. Mama akatazama kile kioo. Akavuta kanga, akafunika uso wote mpaka kidevuni, akakaa hivyo. Eliakimu akaingia, akaona nyuma yake barabara yote na mwanamke mmoja aliyefunikwa kanga.

Tulikwenda hivyo mpaka Tengeru. Hakuna kilichoharibika, hakuna heshima iliyovunjika.

Ingewezekana tangu siku ya kwanza. Hakuna aliyeifikiria, si wazee, si Eliakimu, si mama, wala mimi mwenye kazi ya kuwafikiria.

Jumatatu, 15 Aprili

Shule. Darasa limesahau kutoa kwa kukopa, naanza upya.

Mama haji. Mimi ndiye ninayekwenda. Mkono bado umevimba lakini vidole vinashika. Haongei habari za kule. Anapalilia maharage kwa mkono wa kushoto na kunisema kwamba nimekonda.

Eliakimu haendi sokoni kwa gari. Kila jioni ananiuliza mkono wa mama unaendeleaje, namwambia. Leo aliniomba kitu. Alizunguka sana kabla ya kukisema: nimwambie mama kwamba anaomba radhi, kwa ile saa ya jeki.

Nilikataa. Nimebeba maneno yao miaka yote hii, ya mbuzi, ya watoto, ya homa, ya mahindi, na sijawahi kukataa hata moja. Hili nimelikataa. Nilimwambia neno kama hilo halipiti kwa mtu wa tatu. Akasema sasa litapita wapi. Nikasema sijui. Tukalala.

Jumamosi, 27 Aprili

Mvua imepungua. Kahawa imechanua, ua zima linanukia.

Nilikuwa jikoni namenya ndizi za mchana. Watoto walikuwa wamekwenda mferejini. Eliakimu alikuwa uani na nyundo, ananyosha ule ubavu wa gari polepole, bati likilia. Nilimwona mama akija kwa njia ya kati ya migomba. Nikangoja Eliakimu akimbie. Hakumwona mapema, au alimwona. Aligeuka tu akaelekea ukuta wa migomba, nyundo mkononi, akabaki hapo.

Mama hakuniita. Hakuuliza niko wapi. Alisimama kwenye ngazi ya baraza, kanga usoni.

"Eliakimu," alisema. "Kaburi la dada yangu halijajengewa mawe. Mvua zikiisha nataka kwenda."

Nilishika kisu bila kumenya. Kulikuwa na kuku tu uani.

Eliakimu aliigeuza nyundo mkononi. Nikafikiri hatajibu, na sikuwa na la kufanya. Kisha akasema, akiwa bado anaitazama migomba:

"Mwambie nitampeleka."

Hapakuwa na mtu wa kumwambia. Mama hakusogea.

"Mwambie anisamehe."

"Nimeambiwa," mama akasema.

Alikaza fundo la kanga, akashuka ngazi, akarudi kwa njia aliyojia. Eliakimu hakugeuka mpaka hatua zake zilipokwisha kusikika. Mimi sikutoka. Ndizi zilikuwa nyingi, nikazimenya zote.